Kukatiwa mukataba haiko kuhukumiwa na wenzako

Wandugu wasomi, tarehe 28 mwezi wa 9, 2021, wakati ripoti ya Tume Huru juu ya wafanyakazi wa riposte ya Ebola ilitoka kule Geneva, simu zetu zilijaa ile PDF. Kila grupe ya WhatsApp iliituma. Tuliisoma vile tunasomaka matokeo ya Exetat: kwanza chifre, kiisha majina, kiisha kubishana. Watu 83 walishukiwa kuwanyanyasa wanawake kingono kati ya 2018 na 2020, na juu ya 21 kati yao Tume iliweza kuhakikisha kwamba walikuwa wafanyakazi wa OMS yenyewe. Mashitaki tisa yalikuwa ya kubaka. Wengine walikuwa Wakongomani, wengine wageni. Tulikasirika, tukaandika, tukalala.

Nimeisoma tena, safari hii bila kukimbilia chifre. Swali lenye linanibakia ni hili: munganga akikosea, nani anamuhukumu kama munganga? Sisemi kama mutumishi wa shirika fulani, wala kama raia mbele ya tribinali. Juu mutu yenye kuvaa bluzi nyeupe ana majina mawili. Moja iko kwenye mukataba wa kazi, na lile jina linaisha siku mukataba unaisha. Lingine limeandikwa kwenye tablo ya Ordre, na lile njo linamupa ruhusa ya kugusa mwili wa mugonjwa popote mu Kongo, leo Bunia, kesho Kisangani. Habari yote ya mwaka ule, na azabu zote zenye zilifuata mbele ya macho yetu, ilikuwa juu ya jina la kwanza. Jina la pili halikuzungumziwa mu mijadala yetu hata siku moja.

Tutoe kwanza heshima penye inastahili. Ripoti ile haikuogopa. Wenye viti walikuwa wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Mama Julienne Lusenge wetu, yenye Bunia ilimujua kwa redio na kwa SOFEPADI mbele dunia haijamujua. Haikusema “watu wachache wabaya” kama vile mashirika yanapenda kusema. Ilisema kulikuwa na kasoro mu muundo wenyewe, na wakubwa wenye walizembea. Na tukumbuke, haikuzaliwa ndani ya OMS tu kwa roho nzuri. Ni waandishi wa The New Humanitarian na Thomson Reuters Foundation wenye walitoa, mwezi wa 9 wa 2020, ushuhuda wa wanawake 51 wa Beni. Nyuma ya pale njo Tume ikaundwa. Ebola yenyewe, kama munakumbuka, ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, na ilibeba watu 2,287 mu Kivu ya Kaskazini na kwetu Ituri. Mu miezi ile, kazi ya riposte ilikuwa njo kazi. Mutu mwenye kulipwa kwa dola, na mwenye kuandika majina ya watakaoajiriwa, alikuwa na nguvu kupita chefu wa groupement.

Lakini kuna neno moja mu habari hii lenye linastahili kusomwa polepole kuliko chifre zote. Ni neno “munufaika”. Kulikuwa na daktari moja wa riposte, Kivu ya Kaskazini. Kama vile shirika la habari la AP liliandika mwezi wa 5, 2021, alimupa mimba musichana, kiisha akatia sahihi kwenye karatasi, mbele ya mashahidi wa kazini kwake na muhuri wa notere, kwamba atalipa garama za afya na kumununulia kiwanja. Malalamiko yalifika kule juu. Na yalifungwa bila uchunguzi wa kweli. Juu ya nini? Juu yule musichana hakuwa “munufaika” wa musaada wa OMS. Hakupata dawa yao, hakupata chakula chao, basi kanuni za kulinda wanufaika hazikumuhusu. Tume ilipinga ile hesabu. Lakini mwezi wa 1, 2023, AP ikaandika tena kwamba uchunguzi wa ndani wa ONU umeona wakubwa wenye walishika ile kesi hawakuvunja kanuni, kwa sababu ile ile: musichana hakuwa munufaika.

Musiseme tu “ni uovu” na kupita. Muangalie ginsi akili ya ile kanuni inafanya kazi. Inaanza kwa kumuuliza mwanamuke: wewe ni nani kwetu? Kama hauko kwenye lisiti yetu, tendo halina mulango wa kuingilia. Sheria ya kazi ya shirika lolote inafanyaka vile, hata ikiandikwa na malaika, juu inalinda uhusiano wa shirika na watu wake. Inapima shirika, haipimi umunganga.

Konsei ya wanganga, kama ni konsei ya kweli, inaanza upande mwingine. Inamuuliza mwanaume: wewe ni munganga? Ndiyo? Basi tuambie ulifanya nini na nguvu yenye lile jina lilikupa. Haijalishi mwanamuke alikuwa mugonjwa wako, mufagiaji wa santi, ao muuza ndizi kwenye barabara ya Mangina. Njo maana naona kwamba mu habari ile yote, mulango wenye ungeweza kufunguka kwa yule musichana ulikuwa ule wenye hakuna mutu alimuonyesha.

Na ule mulango uko, wandugu. Haiko ndoto. Ordre des Médecins iliundwa na ordonnance-loi namba 68-070 ya tarehe 1 mwezi wa 3, 1968. Kanuni za maadili za wanganga ziliwekwa tarehe 30 mwezi wa 4, 1970. Famasia walipata Ordre yao mu 1991. Infirmye, wenye njo wengi kuliko wote na wenye wanabeba kazi yote huku mukini, walingoja mpaka tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, wakati Sheria namba 16/015 ilitoka. Hesabu mwenyewe: miaka 48 nyuma ya madaktari. Kila Ordre ina konsei ya taifa kule Kinshasa na konsei za provensi, na ina mamlaka ya kuita memba wake, kumusikiliza, na kumupa azabu, tangu onyo mpaka kumufuta kwenye tablo. Mwenye kufutwa hana tena haki ya kutibu. Mukataba mupya wa ONG nyingine hauwezi kumusaidia. Ile njo tofauti.

(Ni kweli, haiko kila mutu wa wale 83 alikuwa munganga. Riposte ilikuwa na madereva, walogistike, walinzi, watu wa mawasiliano. Dereva hana Ordre. Kwa yeye inabaki mwajiri na tribinali basi. Nasema juu ya wale wenye walikula kiapo.)

Sasa tuone azabu zenye tulionyeshwa. Siku ripoti ilitoka, mukubwa wa OMS, Tedros, aliomba masamaha kwa wanawake. Ilisemwa kwamba mikataba ya watu wanne imekatwa, kwamba washukiwa hawataajiriwa tena na OMS, na kwamba mashitaki ya kubaka yatapelekwa kwa wakubwa wa nchi zenye kuhusika. Mu 2023, AP ikaandika kwamba wanawake 104 mu Kongo walipewa dola 250 kila moja. Dola 250! Mu riposte kuna wenye walikuwa wanapokea zaidi ya pale kwa perdiem ya siku chache. Lakini tuache pesa. Angalia orodha ya azabu: kukata mukataba, kufunga mulango wa mwajiri moja, kupeleka barua kwa prokireri. Kukata mukataba wa mutu yenye riposte yake imekwisha ni azabu gani? Mukataba ulikuwa utakufa wenyewe. Na kwa munganga mwenye diplome na numero ya Ordre, kesho iko kampeni ya shindano, iko kolera, iko Ebola nyingine. Kazi haikosekani.

Mutaniuliza: na Ordre ilikuwa wapi? Mu miaka ile ilisikika mara moja kwa nguvu, na ile mara ni ya kujifunza. Mwezi wa 4, 2019, daktari wa Kameruni, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi mu kliniki ya chuo kikuu kule Butembo. Mwezi wa 8, haki ya kijeshi ikakamata madaktari wa pale, ikisema walishiriki kupanga mauaji. Mara moja wanganga wa muji, kupitia Ordre yao, wakatisha kugoma kama wenzao hawaachiliwi. Siwalaumu. Kumutetea mwenzako mbele ya oditora wa kijeshi ni haki, na pengine ni lazima. Lakini mutu wa chini alijifunza nini siku ile? Kwamba Ordre ni sindika. Kwamba inasimama wakati mweupe wa bluzi anaguswa. Ule uso mwingine, uso wa kumuita mwenzako na kumuuliza “ulifanya nini?”, hakuuona. Ukimuuliza mama wa Mudzipela leo Ordre ni nini, atakuambia ni ya kulinda madocta. Na sina la kumupinga nalo, juu hata mimi sijawahi kusikia uamuzi moja wa nidhamu ukisomwa kwenye redio mu muji huu, wala kuuona umebandikwa kwenye mulango wa lopitali.

Hii ya kufanya vitu mu chumba cha kufungwa haikuanzia kwetu. Ubelgiji ilitengeneza upya Ordre yake ya waganga kwa amri ya mufalme namba 79, tarehe 10 mwezi wa 11, 1967. Ya kwetu ilitoka haijapita hata miezi ine. Sisemi Kinshasa ilikopia neno kwa neno. Nasema hewa ilikuwa moja. Kule Ubelgiji kesi za nidhamu zilisikilizwa mulango umefungwa. Waganga watatu, Le Compte, Van Leuven na De Meyere, wenye walisimamishwa kazi na konsei zao, walienda mpaka Strasbourg mbele ya Korti ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 23 mwezi wa 6, 1981, Korti ikasema: haki yao imevunjwa, kwa sababu kesi yao haikusikilizwa mbele ya watu. Kilichonifurahisha ni hiki: wenye walitaka mulango ufunguliwe haikuwa wagonjwa wala waandishi wa habari. Ni waganga wenyewe wenye kushitakiwa! Walielewa kwamba chumba cha siri kinaweza kukuficha leo na kukumeza kesho.

Njo pale nataka wenzangu wa ISTM na wa kitivo cha tiba wasinielewe vibaya. Wengi wanasikia “nidhamu” na wanafikiri ni kiboko. Muangalie Nairobi. Mwanzo wa 2018, mu hospitali kubwa ya Kenyatta, mugonjwa moja alipasuliwa kichwa mahali pa mwingine, juu alama za majina yao zilikuwa zimebadilishana. Ilipanda kwenye magazeti, na wakubwa wakasimamisha haraka daktari, wauguzi na mutu wa nusukaputi. Madaktari wenzake wakapinga: munamubebesha kijana zigo la hospitali yenye wagonjwa kupita vitanda. Baraza la madaktari la Kenya likaingilia, na likataka kusimamishwa kwa yule daktari kuondolewe wakati uchunguzi unaendelea. Unaona? Mwajiri, akiwa na kamera mbele yake, anatafuta shingo ya kukata. Baraza, kama linafanya kazi yake, linaweza kuuliza maswali yenye mwajiri haipendi kuulizwa: nani alifunga ile alama mukononi? Wauguzi walikuwa wangapi usiku ule? Kikao cha wenzako ni fasi moja yenye makosa yako na makosa ya nyumba yanaweza kupimwa kwenye mizani mbalimbali.

Turudi huku. Chukua Bule, mu Djugu. Wenye hawafike, wanaijua kwa jina la jirani yake: Plaine Savo, kambi ya wakimbizi wa ndani yenye ilishambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 2, 2022, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Mu fasi kama ile, docta ni nani? Kila mwenye kushika sindano ni docta. Infirmye titilere, muzalishi, mara hata mufagiaji mwenye amekaa pale myaka mingi. Mama haulizi numero ya Ordre. Na munganga mwenyewe anafanya kazi yenye ingepashwa kufanywa na watu watano, mara nyingine bila mushahara wa serikali, usiku akisikiliza kama risasi ziko mbali ao karibu.

Sasa kitu kibaya kitokee. Mama afe mu kuzaa na familia iseme alitozwa franga mbele ya kuguswa. Ao musichana aseme alifanyiwa kitu mu chumba cha konsiltasyo. Njia zinajulikana. Familia inakuja na hasira na pengine na mapanga. Ao chefu wa lokalite anaita pande mbili, wanapatana kwa mbuzi na franga, mambo yanafunikwa. Ao mukubwa anamupeleka yule infirmye kwenye santi nyingine, na kule anaanza upya, na wagonjwa wa kule hawajue kitu. Ao kesi inapanda haki, na hapa mukumbuke ile ripoti ya OMS ilitukuta tukiwa mu hali gani: tangu tarehe 6 mwezi wa 5, 2021, Ituri ilikuwa chini ya état de siège, na kesi za jinai za raia zilipewa tribinali za kijeshi. Kati ya mbuzi wa chefu na jenerali, hakuna kitu katikati. Munganga mwenye hatia anapona kwa mbuzi. Munganga bila hatia anaweza kulala Bunia mu jela wakati anangoja mutu wa kuelewa kwamba mama alifika amekwisha kupoteza damu yote.

Ule mwanya wa katikati njo fasi ya Ordre. Na najua majibu. “Konsei ya provensi haina pesa.” “Barabara ya Djugu haipitike.” “Infirmye wengi hata hawajaandikwa kwenye tablo; utamufuta namna gani mutu mwenye hakuandikwa?” Lile la mwisho njo lina uzito kwangu. Tablo yenye haijajaa ni azabu yenye haina meno, na ni juu ya wenyewe infirmye kuijaza, haiko Geneva wala Kinshasa. Wenye kumaliza mwaka huu wanaenda kukimbia nyuma ya attestation, ya stage, ya affectation. Numero ya Ordre wanaionaka kama makaratasi mengine ya kulipia, cotisation ya bure. Wanasahau kwamba ni ile numero yenye itawapa haki ya kusema siku moja: mimi sitahukumiwa na chefu, wala na grupe ya WhatsApp, ninataka kusikilizwa na watu wenye wanajua kazi hii.

Juu ya pesa na barabara, nina jibu fupi. Haki ya kijeshi inafanyaka audience foraine hapa Ituri: majaji wanabeba makanzu yao, wanaenda mpaka penye kosa lilitendeka, wanasikiliza mbele ya watu, kwa Kiswahili, na mutafsiri akiwa pale kama mutu anasema Kilendu ao Kihema. Kama kanali anaweza kufika, wanganga watatu na infirmye wawili wanaweza kufika pia, hata na ile land-cruiser ya kupeleka vaksen. Wakae chini ya mwembe wa paroisse. Siri ya mugonjwa inalindwa: sehemu yenye inahusu mwili wake inasikilizwa pembeni, jina lake halitajwe. Lakini uamuzi usomwe kwa sauti, na siku yenye inafuata usomwe kwenye redio ya Bunia: munganga wa santi fulani ameitwa, amesikilizwa, amepewa onyo, ao amesimamishwa, ao ameonekana hana kosa na kosa lilikuwa la mwenye alipaswa kuleta damu na hakuileta.